Maziwa Bila Jua: Jinsi Mwili wa Mtoto Unavyotunza Kalsiamu

Leo nazungumza hasa na mama, shosho na dada wa kazi. Kwa kifupi, yeyote anayebaki nyumbani na mtoto mchana kutwa. Kama mtoto yuko karibu nawe sasa hivi, mshike mkono, umtazame kifundo cha mkono wake, pale ambapo kiganja kinaungana na mkono. Baadaye nitakueleza tunatafuta nini hapo.

Kuna swali ambalo mama wengi huuliza wakimpeleka mtoto kliniki: "Daktari, mtoto huyu anakunywa maziwa kila siku. Mbona miguu yake inapinda?" Mama anayeuliza hivyo si mzembe. Amesikia kwamba maziwa yana kalsiamu, na kwamba kalsiamu hujenga mifupa, naye amenunua maziwa. Yote aliyosikia ni kweli. Kilichobaki ni kwamba maziwa huifikisha kalsiamu tumboni tu. Kuitoa ndani ya utumbo na kuiingiza katika damu ni kazi nyingine, na mwenye kazi hiyo ni vitamini D. Vitamini D ikikosekana, sehemu kubwa ya ile kalsiamu uliyoilipia dukani hupita na kutoka na choo.

Tuanze na kalsiamu yenyewe. Ukichukua kalsiamu yote iliyo katika mwili wa binadamu na kuigawa mafungu 100, mafungu 99 yako ndani ya mifupa na meno. Fungu moja tu ndilo limebaki katika damu na katika nyama za mwili. Lakini fungu hilo moja ndilo linaloamua kama tutaishi. Moyo hupiga kwa sababu yake. Misuli hukaza na kulegea kwa sababu yake. Mishipa ya fahamu hupeleka habari, na damu huganda tukijikata, kwa sababu ya kalsiamu hiyo hiyo. Ikishuka sana, vidole hufa ganzi, misuli hukakamaa, na mtoto mchanga anaweza kupata degedege. Ikipanda sana, mtu hutapika, hukojoa mara kwa mara, hufunga choo, hata huchanganyikiwa.

Kwa hiyo mwili hauwezi kuruhusu kalsiamu ya damu ipande na kushuka ovyo. Una walinzi wake.

Walinzi wenyewe ni vitezi vinne vidogo vilivyo shingoni, nyuma ya ile tezi kubwa iitwayo thairoidi, ambayo ndiyo huvimba mtu akipata rovu. Kila kitezi ni kidogo kama punje ya mchele. Kazi yao usiku na mchana ni kuonja damu inayopita. Wakiona kalsiamu imepungua hata kidogo, humwaga homoni iitwayo homoni ya parathairoidi. Homoni, msikilizaji, ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Ujumbe huu unafika sehemu mbili. Kwenye mifupa unasema: fungueni ghala, toeni kalsiamu. Kwenye figo unasema mambo mawili: zuieni kalsiamu isitoke na mkojo, na tengenezeni vitamini D iliyo tayari kufanya kazi, ili utumbo uvute kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula.

Kuna jambo jingine ambalo homoni hii huifanyia figo, nalo lina madhara kwa mtoto. Huiamuru imwage fosforasi. Fosforasi ni madini mengine ya mfupa. Mfupa mgumu hutengenezwa na kalsiamu na fosforasi zikiwa pamoja, kama saruji na mchanga. Kwa siku moja au mbili mwili hauoni hasara. Lakini homoni hii ikiendelea kupiga kelele mwezi baada ya mwezi, fosforasi huisha, na mfupa mpya unaoota hukosa kitu cha kuufanya uwe mgumu.

Kalsiamu ikishatosha, vitezi vile vinne hunyamaza. Tezi ya thairoidi nayo ina homoni yake ya kushusha kalsiamu, iitwayo kalsitonini, ila kwa mtu mzima nguvu yake ni ndogo. Mtu aliyetolewa thairoidi yote hapati shida ya kalsiamu kwa kuikosa kalsitonini. Shida huja iwapo vile vitezi vinne vimeguswa au kutolewa wakati wa upasuaji. Kama wewe au jirani yako amefanyiwa upasuaji wa rovu na sasa anasikia mdomo na vidole vikimchonyota, arudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Sasa vitamini D. Jina lake linatudanganya kidogo, kwa sababu vitamini nyingine tunazipata kwenye chakula, lakini hii mwili huitengeneza wenyewe. Jua likipiga ngozi, mafuta fulani yaliyo ndani ya ngozi hubadilika. Kutoka hapo husafiri hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza, kisha hadi kwenye figo, ambako hukamilishwa. Hapo ndipo huenda kwenye utumbo na kufungulia kalsiamu mlango. Kwa maneno mengine, vitamini D ni homoni ambayo malighafi yake ni jua. Mwaka 1919 daktari mmoja wa Berlin, Kurt Huldschinsky, aliwatibu watoto wenye mifupa laini kwa taa zinazotoa mionzi kama ya jua. Alipoumulika mkono mmoja tu wa mtoto, mifupa ya mkono wa pili nayo ikapona. Ilikuwa wazi kwamba kuna kitu kinachotoka kwenye ngozi na kusafiri na damu.

Msikilizaji, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mtoto asipopata jua, utumbo wake hauvuti kalsiamu ya kutosha. Vitezi vya shingoni vinaona upungufu na kuamuru mifupa itoe. Mifupa inatoa. Damu inarudi sawa. Mtoto anacheka, ananyonya, anacheza, na hata akipimwa kalsiamu ya damu siku hiyo, huenda jibu likawa "iko sawa". Iko sawa kwa sababu mifupa imelipa. Ndiyo maana daktari anayeshuku ugonjwa huu haridhiki na kipimo hicho kimoja. Ataomba pia kipimo cha fosforasi, kipimo kingine cha damu kinachoonyesha jinsi mifupa inavyohangaika, na picha ya eksirei ya kifundo cha mkono. Ukiambiwa mtoto apigwe picha ya mkono ilhali ni miguu iliyopinda, usishangae. Kwenye kifundo cha mkono mifupa hukua haraka, na dalili huonekana huko mapema.

Ugonjwa wenyewe watu wengi huuita matege, ingawa matege ni miguu tu, na ugonjwa uko mwilini mwote.

(Muziki mfupi)

Wengi watauliza: jua tunalo, matege yanatoka wapi? Ruiru iko karibu kabisa na Ikweta. Hatuna majira ya baridi ya Ulaya ambako jua hupotea miezi mitatu. Ni kweli. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya Wamaasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania, watu ambao siku yao huishia nje. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali upungufu wa kumletea mtoto matege huhesabiwa kuanzia chini ya 30. Ngozi nyeusi chini ya jua la Afrika Mashariki hutengeneza vitamini D ya kutosha kabisa, mradi ifikiwe na jua.

Lakini mwaka 2020 uchapishaji mwingine ulikusanya tafiti za Afrika nzima, na ukaonyesha kwamba watu wa mijini wana vitamini D kidogo kuliko wa mashambani, wanawake kidogo kuliko wanaume, na watoto wachanga kidogo kuliko mama zao. Hapa kwetu, mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka walitoa ripoti ya watoto waliogunduliwa kuwa na matege katika kliniki zao za Kibera. Kibera iko mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Tazama maisha ya Membley. Zamani upande huu wa Ruiru ulijulikana kwa kahawa, na mtoto alikuwa nje na mama yake tangu asubuhi. Leo mama anatoka alfajiri kuwahi matatu ya mjini, na anarudi jioni. Mtoto anabaki na dada ndani ya nyumba yenye lango, au katika ghorofa ya nne ambako kiwanja cha kuchezea ni sebule na rafiki ni televisheni. Dada naye anaogopa kumtoa nje asije akapata baridi akalaumiwa. Wakati wa gathano, mwezi wa Juni hadi Agosti, mtoto huvikwa sweta mbili, kofia, soksi na blanketi juu, na jua linaloonekana ni la kupitia dirishani. Sasa sikia: kioo cha dirisha huruhusu mwanga na joto kupita, lakini huzuia ile mionzi inayotengeneza vitamini D. Mtoto anayewekwa kwenye jua la dirishani anapata joto tu.

Na si miguu peke yake inayoumia. Mwaka 1997 madaktari wa Addis Ababa, mji wa nyanda za juu wenye jua jingi, walilinganisha watoto 500 waliokuwa na nimonia na 500 wasiokuwa nayo. Kati ya wenye nimonia, 210 walikuwa na matege. Kati ya wale wengine, ni 20 tu. Mbavu laini haziwezi kuvuta hewa vizuri wala kukohoa kwa nguvu.

Basi tufanye nini?

Mtoe mtoto nje. Wazee wetu walimwotesha mtoto jua la asubuhi, na desturi hiyo ni njema, ila jua la saa moja bado ni changa kwa kazi hii. Tumia kivuli kama saa: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi haitengenezi vitamini D ya maana. Kikianza kuwa kifupi kuliko wewe, yaani kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi, jua limekomaa. Mvue mtoto sweta na soksi, mikono na miguu ibaki wazi, uso uukinge kwa kofia au kivuli chako, akae nje robo saa hadi nusu saa, siku nyingi za wiki. Jua kali la saa sita na saa saba si lazima, na mtoto asiachwe akaungua au akapata joto kupita kiasi. Wakati wa mawingu ya Julai mionzi hupungua lakini haiishi, kwa hiyo muda uongezwe kidogo. Ukiishi ghorofani, paa la kuanikia nguo linafaa, mradi mtu mzima awe amemshika mtoto. Na tafadhali mwambie dada waziwazi kwamba umemruhusu kumtoa mtoto. Mara nyingi tatizo zima ni ruhusa hiyo.

Mtoto mwenye ualbino asioteshwe jua hata kidogo. Ngozi yake itaungua, na baadaye saratani inaweza kumfuata. Yeye apewe matone ya vitamini D kwa ushauri wa daktari.

Nikitaja matone, kuna jambo akina mama huchanganya. Yale matone anayopewa mtoto kliniki kila baada ya miezi sita, kuanzia anapofikisha miezi sita, ni vitamini A. Ni muhimu sana, na usiyakose, lakini hayahusiani na kalsiamu. Vitamini D ni dawa nyingine. Mwaka 2016 wataalamu wa matege kutoka nchi mbalimbali walipendekeza kila mtoto apewe yuniti 400 za vitamini D kwa siku hadi atimize mwaka mmoja. Hapa kwetu si kila kliniki hutoa matone hayo, kwa hiyo uliza, hasa kama mtoto alizaliwa njiti, au ni pacha, au anatumia dawa za kifafa, kwani baadhi ya dawa hizo huimaliza vitamini D. Usinunue sindano ya vitamini D na kumrudishia mtoto mara kwa mara kwa sababu jirani alisema ilimsaidia wake. Vitamini D ikizidi, kalsiamu ya damu hupanda, na figo za mtoto huharibika.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mwaka 1999 madaktari wa Jos, Nigeria, walichapisha utafiti uliowashangaza wengi. Watoto wao wenye matege walikuwa wakipata jua, lakini chakula chao kilikuwa karibu hakina kalsiamu. Waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Kwa hiyo vitu hivi ni viwili, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina kalsiamu miligramu 300 hivi, na mala vilevile. Omena huliwa na mifupa yake, na ndiyo siri yake. Ikaange ikauke, isage, na unyunyize kwenye chakula cha mtoto aliyetimiza miezi sita. Managu na sukuma wiki ni nzuri. Spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini huifungia isitoke. Wimbi huzishinda nafaka zote kwa kalsiamu, na ukiuchachua uji wake kwanza, tumbo huipata kwa urahisi zaidi. Ugali mweupe na chai ya rangi, mpenzi msikilizaji, havina chochote cha kumpa mfupa.

Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa sababu ya haya niliyosema. Maziwa ya mama yana kalsiamu ya kutosha hata mama akiwa amekula kidogo, kwa sababu titi lenyewe hutoa homoni yake ya kukopa kwenye mifupa ya mama. Deni hilo hurudishwa mtoto akiachishwa. Wale wanaosema kila mtoto humng'oa mama jino moja wanakosea. Kalsiamu haikopwi kwenye meno. Ila maziwa ya mama yana vitamini D kidogo, na mama asiyeona jua hana ya kumpa mtoto. Tokeni nje pamoja. Mama anayejifunika kwa sababu ya dini anaweza kukaa uani, mahali ambapo haonekani.

Shosho naye asikilize. Homoni za uzazi ndizo zilizokuwa zikiizuia mifupa yake isitoe kalsiamu ovyo. Hedhi ikikoma, homoni hizo hupungua na mifupa huanza kupungua upesi. Shosho anayekaa nje na mjukuu wake anajitibu na yeye.

Sasa turudi kwenye kile kifundo cha mkono. Kikiwa kinene, kama kuna bangili chini ya ngozi, mpeleke mtoto akaangaliwe. Dalili nyingine ni vinundu mfululizo kwenye mbavu kama shanga, utosi ambao haujafunga baada ya mwaka mmoja na nusu, meno yanayochelewa, mtoto kulegea na kuchelewa kukaa au kusimama, na kulia akiinuliwa kwa sababu mifupa inamuuma. Miguu yenyewe isikutie hofu mapema mno. Watoto wengi wenye afya huwa na miguu ya upinde mpaka karibu miaka miwili, na baadaye, kwenye miaka mitatu au minne, magoti hugongana kidogo. Hiyo ni kawaida. Mguu mmoja ukipinda kuliko mwingine, au upinde ukizidi badala ya kupungua, hiyo si kawaida.

Usimfunge mtoto vijiti miguuni wala kumpeleka akakandwe. Mfupa laini huvunjika. Nenda hospitali ya Ruiru, au Thika Level 5. Akianza vitamini D na kalsiamu kwa wakati, picha ya mfupa huanza kubadilika baada ya wiki chache, na miguu ya mtoto mdogo mara nyingi hunyooka yenyewe kadiri anavyokua. Dawa huendelea wiki 12 au zaidi, hivyo usiiache kwa kuona mtoto amechangamka. Yule ambaye miguu haikunyooka anaweza kutumwa kwa wapasuaji wa mifupa ya watoto, kama wale wa hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, iliyofunguliwa mwaka 1998. Na kama dawa imetumika ipasavyo bila mabadiliko, daktari atachunguza figo, ini, au ugonjwa wa kurithi.

La mwisho ni la haraka. Mtoto mchanga akishikwa na degedege, hasa bila homa, usiseme ni mambo ya nyumbani wala kumtafutia mtu wa kumchanja. Huenda mifupa imeshindwa kulipa na kalsiamu ya damu imeanguka. Mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na umkimbize hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ukifika, mwambie daktari mtoto hutoka nje mara ngapi, ili kalsiamu nayo ipimwe.